Kabla hujanunua STI, au gari yoyote ya spoti, jua umeangukia toleo gani

Wakuu, watu wengi wakitaka gari ya spoti swali lao ni moja tu, "ya mwaka gani hii?", wakiambiwa 2004 wanaridhika wanaanza kupatana bei. Mwaka peke yake haukwambii kitu. Kiwanda hakitengenezi gari miaka saba bila kuigusa, karibu kila mwaka kuna kitu kinabadilishwa, kingine kinatangazwa kwa mbwembwe na kingine kinapita kimya kimya, kwa hiyo unaweza kukuta mbili zimepaki pamoja, sura moja rangi moja, kumbe huko chini ni gari tofauti.

Nitatumia Subaru Impreza STI za 2000 mpaka 2007, zile zenye msimbo wa chesisi GDB, maana ndo zimejaa mitaani kwetu na ndo watu wanaingia nazo mkenge.

Anza na herufi. Fungua boneti utafute kibati cha modeli, utaona GDB halafu inafuata herufi moja, kuanzia A mpaka G. A na B ndo zile za macho ya duara, Bugeye, ambazo zilisemwa vibaya mno mpaka Subaru wenyewe wakabadilisha uso ndani ya miaka miwili hivi. C, D na E ni Blobeye. F na G ni Hawkeye. Usiamini sura peke yake, bampa, taa na mafenda vinahamishika na fundi akiamua anakuvalisha uso mpya wikiendi moja, ila ile herufi ndo cheti cha kuzaliwa.

Sasa hizo herufi zinabeba nini. Ukisoma brosha za Japani utaona farasi 280 toka gari ya kwanza mpaka ya mwisho, utasema hawa jamaa walilala. Hawakulala. Kampuni za Japani zilikuwa na makubaliano yao ya kutovuka 280, na yalikuja kuachwa 2004, kwa hiyo wahandisi wakahamia kwenye toki, ile nguvu inayokusukuma mgongo kwenye siti: GDB ya mwanzo ina Nm 373, ya mwisho 422. Injini ile ile ya lita 2, namba ya farasi ile ile, lakini ukiendesha moja halafu nyingine huhitaji kuambiwa.

Badiliko kubwa kwangu ni la C, mwishoni mwa 2002. Hapo STI ya Japani ilipewa turbo ya tuini skroli, yaani moshi wa silinda unasafiri kwa njia mbili zilizotenganishwa mpaka kwenye turbo, pumzi za silinda hii hazigongani na za ile, turbo inaamka mapema. Ila ili hiyo ifanye kazi ilibidi mabomba ya ekzosi yawe na urefu sawa, na ule mngurumo wa dugu-dugu-dugu ambao kila mtu anaufahamu ulikuwa unatokana na mabomba yasiyolingana! Kwa hiyo STI ya Japani kuanzia C haingurumi vile. Kama unainunua kwa ajili ya sauti, waambie waiwashe kwanza ndo utoe hela. Za Ulaya na Marekani zilibaki na turbo ya njia moja na mlio wake.

Halafu kuna E, ya 2004. Sura ni Blobeye kama D, picha ya mtandaoni haitakusaidia, ila hapo ndo walibadilisha habu na beringi za magurudumu, nati zikahama kutoka PCD (kipenyo cha duara linalopita katikati ya nati zote, kwa mm) 100 kwenda 114.3. Jamaa yangu alinunua rimu nzuri kweli, seti nzima, akafika nazo kwa fundi haziingii hata kwa dua, na yule aliyemuuzia alishazima simu. Kupima ni rahisi, chukua futi upime katikati ya nati moja mpaka katikati ya nati ya jirani yake: ikiwa kama mm 59 hiyo ni 100, ikiwa kama 67 hiyo ni 114.3. Na WRX ya kawaida ya Japani, yaani Impreza ya chini ya STI, msimbo GDA, ilibaki na 100 mpaka mwisho, usichanganye.

Lakini usije ukadhani siku zote ya mwisho ndo bora. Angalia Honda S2000: ilipotoka 1999 ilikuwa na lita 2 inayozunguka mpaka rpm (mizunguko kwa dakika) 9000, baadaye wakaweka lita 2.2, Marekani kuanzia modeli ya 2004 na Japani mwishoni mwa 2005, ikawa inavuta vizuri chini ila mstari mwekundu, yaani kikomo cha mizunguko, ukashuka mpaka 8000, na sasipenshi ya nyuma ikatulizwa kwa sababu za mwanzo zilikuwa zinarusha mkia bila kupiga hodi. Ya kila siku, chukua ya baadaye. Ukitaka ile wazimu chukua ya mwanzo, halafu hapa ndo ujanja ulipo: agiza riteina za valvu (vile visahani vinavyoshika springi za valvu) za toleo la baadaye uzifunge kwenye injini ya zamani, maana ni ngumu zaidi, na za mwanzo zinapasuka mtu akikosea gia rpm zikapitiliza. Yaani kiwanda kimeshakufanyia utafiti, wewe unanunua jibu tu.

Kujua kitu gani kilibadilishwa lini, ingia kwenye katalogi ya spea kwa chesisi namba. Kila kifaa kina namba na tarehe za kuanza na kuisha, ukiona namba imefutwa ikaletwa nyingine jiulize kwa nini. Hii inasaidia hasa kwenye gari ambazo uso haubadiliki. Mazda MX-5 ya 2019 ya lita 2 utasema ni ile ya 2016, kumbe Marekani ilitoka farasi 155 ikaenda 181, rpm kutoka 6800 mpaka 7500, pistoni imepunguzwa gramu 27 na konrodi (fimbo inayoshikilia pistoni) gramu 41. Gramu tu!

Basi ukimpigia muuzaji usianze na bei. Omba picha ya kibati, ya nati za gurudumu karibu na futi, na video ikiwa inawashwa baridi. Akikuambia kibati kilibanduka wakati wa kupiga rangi, muulize na kwenye katalogi kimebanduka pia? Chesisi namba si anayo.