Mtoto akiharisha, usisubiri kesho

Kinachomuua haraka mtoto anayeharisha ni kuishiwa maji mwilini. Kama huna nyumbani pakiti ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini), chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, tia vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Pima kwa kijiko kilekile, na ukisawazishe juu kwa mgongo wa kisu, kisijae kilima. Kwenye chumvi kuwa makini sana, maana ikizidi inamdhuru. Onja kwanza; yasizidi chumvi ya machozi.

Mnyweshe kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika 10 kisha endelea polepole zaidi. Anayenyonya aendelee kunyonya, tafadhali. Wengine humwachisha, na ndipo anapozidi kulegea. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwage.

Finya ngozi ya tumbo: ikichelewa kurudi, au macho yameingia ndani, au kinyesi kina damu, mkimbize kituo cha afya. Na watu wa nyumba mbili tatu wakiharisha kwa pamoja, toeni taarifa siku hiyohiyo, huenda ni kipindupindu.