Kabla ya kuwaita watafiti wa fani tofauti: mambo ya kuzingatia

Mwaliko unaosema tu “warsha ya kujengeana uwezo” utakuletea yeyote aliyekuwa na nafasi wiki hiyo. Anza na swali ambalo fani moja hailimalizi. Nyanda za Juu Kusini hulikosi: utafiti wa taifa wa afya Tanzania wa 2022 ulikuta udumavu wa watoto Iringa, mkoa wa mahindi na maharage, umefika asilimia 57, wakati wastani wa nchi ni 30. Mtu wa kilimo wa TARI Uyole (kituo cha utafiti wa kilimo), daktari wa Mbeya na mchumi wa Iringa wote wana la kusema hapo, na hakuna anayejitosheleza.

Kisha kila mmoja aje na jedwali lake la takwimu, hata la zamani, majina ya watu yakiwa yameondolewa (Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu 2022). Hapa ndipo kazi ilipo. Kwa mtu wa kilimo mstari mmoja ni shamba, kwa daktari ni mtoto, kwa mchumi ni kaya. Yaunganishe hivihivi uone: kaya yenye mashamba mawili na watoto watatu inageuka mistari sita, na mavuno yake yanahesabiwa mara tatu. Waache wahangaike nayo nusu siku bila kuwapa jibu. Mada ya “umuhimu wa ushirikiano” ifute kwenye ratiba. Waliofunga safari kuja wanaujua.

Suala la majina ya waandishi kwenye makala lizungumzwe asubuhi ya kwanza, kabla hakujawa na cha kugombea. Mkasa mzuri wa kujadili uko karibu: kipunji, yule kima wa Mlima Rungwe, aligunduliwa na timu mbili zilizofanya kazi kila moja kivyake, moja Rungwe, nyingine Ndundulu huko Udzungwa. Zilipopashana habari zikaandika makala moja, 2005. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja kabla ya hapo, na jina ni lao. Washiriki waamue hao waingie wapi.

Posho: viwango vya taasisi havifanani, kwa hiyo andika mapema nani analipwa na nani, kiasi gani. Wakigundua wenyewe wakati wa chai, siku imekwisha.

Januari usijaribu, wa kilimo wako shambani na barabara za vijijini ni tope. Juni ni baridi, lakini watu wanapatikana.

Barua ipitie kwa wakuu wa taasisi, nao wasaini saa ambazo mshiriki ataachiwa kila wiki kwa kazi ya pamoja akisharudi.