Jinsi Idara za Polisi za Kaunti Moja Zinavyoweza Kugawana Ruzuku ya Mashine za Alama za Vidole

Katika kaunti nyingi za Marekani, polisi wa miji ndio wanaokamata watu wengi, lakini jela ni ya sherifu. Mtu aliyekamatwa mjini huchukuliwa alama za vidole mlangoni pa jela ya kaunti, kwa mashine ambayo mji haukuinunua. Kwa hiyo idara tatu au nne zikiomba ruzuku moja, hupata vifaa bora kuliko kila moja ikijinunulia skana yake na kuitumia mara chache kwa wiki. Kununua ndiyo kazi nyepesi. Shida huanza mwaka wa tatu, bili ya matengenezo inapofika na hakuna hati inayosema nani alipe.

Jueni kila mmoja anastahili kiasi gani

Mlango unaotumiwa zaidi na idara za mitaa ni ruzuku ya JAG, kwa kirefu Edward Byrne Memorial Justice Assistance Grant, inayotolewa na Bureau of Justice Assistance iliyo chini ya Wizara ya Sheria ya Marekani. Hesabu yake hutegemea idadi ya watu na uhalifu wa kutumia nguvu. Kwa kawaida asilimia 60 ya fungu la jimbo hubaki kwa serikali ya jimbo, na asilimia 40 huenda moja kwa moja kwa miji na kaunti. Mji ambao fungu lake halifiki dola 10,000 hauwekwi kwenye orodha ya kulipwa moja kwa moja. Fedha zake huingia katika mfuko wa jimbo. Mji wa namna hiyo una njia mbili: kuomba kwa wakala wa jimbo anayesimamia JAG, au kuingia katika ushirika wa majirani kama mtumiaji wa vifaa.

Kuna hali ambapo kushirikiana si hiari. Iwapo fungu la mji ni mara moja na nusu ya lile la kaunti au zaidi, na kaunti ndiyo inayobeba zaidi ya nusu ya gharama za kuwashtaki au kuwafunga wahalifu wa makosa makubwa ya nguvu, wizara huweza kuwatangaza kuwa na tofauti isiyo ya haki. Hapo hulazimika kupeleka ombi moja na kukubaliana namna ya kugawana. Tuseme mji wa kwanza umepangiwa dola 48,000, wa pili dola 22,000, na kaunti dola 14,000. Mara moja na nusu ya 14,000 ni 21,000, kwa hiyo miji yote miwili imevuka kiwango. Jumla ni dola 84,000, na hizo ndizo za kupangia. Orodha ya mafungu ya kila jimbo hutolewa kila mwaka. Isomeni kabla ya kuitisha kikao, maana kikao kisicho na tarakimu huishia kwenye ahadi.

Chagueni mashine kwa kazi

Skana ya kituoni huchukua vidole kumi vilivyoviringishwa, pamoja na alama bapa: vidole vinne vya kila mkono kwa pamoja, kisha gumba. Nyingi huchukua pia viganja. Hii ndiyo inayoandikisha mtu aliyekamatwa katika mfumo wa jimbo uitwao AFIS, na kutoka hapo rekodi huenda NGI, mfumo wa FBI wa alama za vidole uliochukua kikamilifu nafasi ya mfumo wake wa zamani, IAFIS, mwaka 2014. Kifaa cha mkononi huchukua vidole viwili, kwa kawaida vya shahada, na kazi yake ni kuuliza tu kama alama hizo zimo katika mfumo. Hakimwandikishi mtu. Idara zinazonunua vifaa vya mkononi zikidhani zimeondokana na safari ya jela hujikuta zimerudi palepale.

Mpango unaofaa kaunti nyingi ndogo ni huu: skana moja nzuri jelani, ya pili ya akiba katika mji ulio mbali zaidi na jela, na fedha zinazobaki ziende kwenye vifaa vya mkononi kwa zamu za doria. Kila mji kuwa na skana kamili ni fahari tu. Mashine inayotumiwa mara mbili kwa wiki hutumiwa na askari waliokwisha kusahau namna ya kuitumia, na alama zake hukataliwa.

Kabla ya kuomba bei, pigeni simu mbili. Ya kwanza ni kwa ofisi ya utambulisho ya jimbo: ulizeni ni miundo gani imekubaliwa kuunganishwa na AFIS yao. Ya pili ni kwa wakala wa jimbo anayesimamia masharti ya CJIS, kitengo cha FBI cha taarifa za haki ya jinai kilichoko Clarksburg, West Virginia, ambaye mna mkataba naye wa usalama wa data. Kisha hakikisheni muundo wenyewe umo katika orodha ya FBI ya vifaa vilivyothibitishwa. Skana ya vidole kumi iwe imethibitishwa kwa kiwango cha Appendix F. Kifaa kidogo cha kidole kimoja au viwili huwa kwa kiwango cha PIV. Muuzaji akisema mashine yake "inalingana na" kiwango, hajasema imethibitishwa.

Hati ya makubaliano: kazi yote iko hapa

Chagueni mshika fedha mmoja. Yeye ndiye anayeomba, anayepokea, anayenunua na anayejibu mkaguzi. Mara nyingi kaunti inafaa kwa kuwa ina mhasibu aliyezoea ruzuku za serikali kuu, lakini ikiwa mkurugenzi wa fedha wa mji ndiye mwenye uzoefu, mpeni yeye. Cheo cha sherifu kisiwe kigezo.

Andikeni umiliki kwa namba ya kifaa. "Vifaa ni vya wote" ni sentensi mbaya: kifaa kikiibwa garini, hakuna bima itakayolipa. Kila skana iwe na mwenyewe mmoja, mahali pake, na idara zenye haki ya kuitumia.

Gharama za kila mwaka zigawanywe kwa kanuni iliyoandikwa, pamoja na mfano wa hesabu ndani ya hati yenyewe. Kanuni inayodumu ni nusu kwa nusu: nusu ya bili hugawanywa sawa, nusu nyingine kwa idadi ya watu walioandikishwa mwaka uliopita. Bili ya dola 9,000 kwa idara tatu zilizoandikisha watu 600, 250 na 150 hugawanyika hivi: kila moja hulipa 1,500 za sehemu sawa, kisha 2,700, 1,125 na 675 za matumizi. Jumla ni 4,200, 2,625 na 2,175. Mkigawana sawa kabisa, mji mdogo utajitoa mwaka wa pili. Mkigawana kwa matumizi pekee, mji mkubwa utaona unaibeba mashine ambayo wengine wanaitegemea usiku wa dharura.

Katika hesabu hiyo msisahau laini ya mawasiliano, cheti cha usimbaji, leseni ya programu na mfumo endeshi. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, na skana ambazo kompyuta zake zilibaki hapo zimekuwa deni kwa idara, ingawa kioo na kamera yake ni vizima. Mkataba wa matengenezo uliolipwa kwa ruzuku hauwezi kuvuka kipindi cha ruzuku. JAG ya dola 25,000 au zaidi kwa kawaida hudumu miaka minne, na ya chini ya hapo miwili. Mwaka unaofuata ni wa mabaraza yenu, na hati iseme hivyo waziwazi.

Kifungu kimoja kinachosahaulika ni cha kujitoa. Idara inayoondoka itoe notisi kabla ya bajeti mpya kupitishwa, ilipe fungu lake la mwaka unaoendelea, na irudishe vifaa kwa mshika fedha.

Sahihi za wakuu wa polisi peke yake hazitoshi. Hati isainiwe na wenye mamlaka ya kufunga mkataba kwa niaba ya mji au kaunti.

Maombi

Kila anayeomba lazima awe na usajili hai SAM.gov, tovuti ya serikali kuu ya kusajili wapokeaji wa fedha zake, na namba yake ya utambulisho iitwayo UEI, yenye herufi na tarakimu 12. Usajili huo hufanywa upya kila mwaka, na ukikwisha wiki ya mwisho ombi hukwama, kwani kuufufua huchukua siku kadhaa na wakati mwingine wiki. Ombi hupita hatua mbili zenye tarehe mbili tofauti: kwanza fomu ya maombi ya SF-424 katika tovuti ya Grants.gov, halafu maelezo kamili katika JustGrants, mfumo wa ruzuku wa Wizara ya Sheria. Mwenye kukosa tarehe ya kwanza hana ya pili.

Baraza linalotawala lipatiwe ombi angalau siku 30 kabla ya kuwasilishwa, na wananchi wapewe nafasi ya kutoa maoni. Mabaraza hukutana mara moja au mbili kwa mwezi, kwa hiyo hesabuni kurudi nyuma tangu tarehe ya mwisho.

Jihadharini na bajeti zenu wenyewe. Ruzuku hairuhusiwi kuchukua nafasi ya fedha za mji. Kama skana ilikwisha kuwekwa katika bajeti ya mwaka huu na ikaondolewa baada ya habari za ruzuku kufika, mkaguzi ataona.

Kununua

Sheria za ununuzi ni zile za 2 CFR sehemu ya 200, yaani kanuni za serikali kuu kuhusu ruzuku, pamoja na za mji au jimbo, na iliyo kali zaidi ndiyo inayofuatwa. Kununua bila ushindani kwa hoja kwamba "jimbo linatumia kampuni hii" hakukubaliki ikiwa jimbo limekubali miundo ya kampuni tatu. Barua ya ofisi ya utambulisho inayotaja miundo yote iliyokubaliwa iwekwe kwenye faili. Mikataba ya ununuzi ya jimbo, ambapo ipo, hupunguza miezi ya kazi.

Katika bei, dai mistari hii itenganishwe: kifaa, usakinishaji, kuunganishwa na AFIS, kuunganishwa na programu ya jela, mafunzo, na matengenezo ya kila mwaka. Kuunganishwa na programu ya jela ndiko kunakofichwa, na kampuni ya programu hiyo hutoza ada yake kando.

Kufunga, na yanayoharibika

Skana ya pamoja lazima iwe na namba ya ORI ya kila idara. ORI ina herufi na tarakimu tisa, na humtambulisha aliyekamata. Ikiwa orodha ina ORI ya sherifu pekee, kila aliyekamatwa mjini huhesabiwa kuwa wa kaunti, na kurekebisha rekodi zilizokwisha kufika jimboni ni kazi ya barua kwa barua. Jaribuni kila ORI kwa rekodi ya majaribio kabla ya kuanza.

Mashine ikae mahali ambapo mkono wa chini wa mtu hulala sambamba na sakafu. Kaunta ikiwa juu sana alama za gumba hukatika. Gumba huviringishwa kuelekea mwilini, vidole vingine kutoka mwilini, toka ukingo wa ukucha hadi ukingo wa pili. Vidole vikavu hutoa mistari iliyokatikakatika: vilowesheni kidogo kwa kitambaa chenye unyevu. Vidole vyenye jasho hutoa madoa meusi: vifuteni, na kioo pia, kwa kitambaa alichoelekeza mtengenezaji. Kidole kilichokatwa huandikwa XX, kilichofungwa bandeji UP. Kukiacha wazi bila alama hiyo hufanya rekodi ikataliwe. Kosa baya zaidi ni kubadilisha mkono wa kushoto na wa kulia. Programu nyingi hulinganisha alama bapa na zilizoviringishwa na kutoa onyo, lakini askari aliyechoka hulipita.

Wekeni kadi za FD-249 na wino kabatini. Laini itakatika siku moja.

Barabarani

Kifaa cha mkononi kinaweza kuuliza RISC, hifadhi ya FBI yenye watu wanaotafutwa, waliosajiliwa kwa makosa ya kingono, na wanaoshukiwa ugaidi. Jibu hurudi kwa rangi: nyekundu ni uwezekano mkubwa wa kufanana, njano huenda anafanana, kijani hakupatikana. Kijani hakimaanishi mtu hana kesi. Kinamaanisha hayumo katika hifadhi hiyo.

Kanuni ya matumizi iwe moja kwa idara zote na iambatishwe kwenye hati. Katika kesi ya Hayes v. Florida ya mwaka 1985, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa alama za mtu aliyepelekwa kituoni bila sababu ya kutosha wala kibali cha mahakama, na mwaka 2022 Mahakama ya Juu ya Michigan ilikataa desturi ya polisi wa Grand Rapids ya kuchukua alama za watu waliosimamishwa bila sababu ya kutosha ya kuwakamata. Mwanasheria wa kaunti aandike ni lini askari anaweza kuomba, ni lini ridhaa inahitajika, na ridhaa hiyo inarekodiwaje.

Baada ya fedha kuingia

Ripoti ya fedha ya SF-425 hupelekwa kila robo mwaka, ndani ya siku 30 baada ya robo kwisha, hata kama hakuna kilichotumika. Mshika fedha apewe takwimu za kila idara siku 10 kabla ya hapo. Kifaa chenye thamani ya dola 10,000 au zaidi huhesabiwa kuwa mali ya kudumu kwa ruzuku zilizotolewa tangu Oktoba 2024, na huhesabiwa upya angalau kila miaka miwili, daftari likionyesha namba ya kifaa, namba ya ruzuku, mwenye hati, tarehe na bei ya kununuliwa, mahali kilipo na hali yake. Vya mkononi vinavyopungua kiwango hicho viorodhesheni vilevile, kwa kuwa vina data za watu. Kumbukumbu zitunzwe miaka mitatu baada ya ripoti ya mwisho ya fedha.

Skana inayostaafu haiondoki chumbani na diski yake. Masharti ya CJIS yanataka diski iandikwe juu angalau mara tatu au ifutwe kwa sumaku kabla ya kutoka mikononi mwa walioidhinishwa, na isiyofanya kazi iharibiwe kabisa. Kazi hiyo ifanywe au ishuhudiwe na mtu aliyeidhinishwa, na fomu yake iandikwe namba ya diski, kwa kuwa namba ya mashine peke yake haionyeshi ni diski ipi iliyofutwa.