Nyumba ya mlimani Dodoma: maandalizi ya mvua kubwa na kukatika kwa umeme

Katika vijiji vya milimani vya Mpwapwa, Kondoa na pande za safu ya Rubeho, msimu wa mvua ni mmoja tu: mwishoni mwa Novemba au Desemba mpaka Aprili. Kwa mwaka mzima kiasi chake si kikubwa, ila sehemu kubwa hushuka kwa dhoruba chache, juu ya ardhi iliyokaa zaidi ya nusu mwaka bila tone. Ardhi hiyo hainywi, kwa hiyo maji yanateremka. Ndani ya saa moja korongo linaweza kufunga njia, nguzo ya umeme ikalala, na kaya ikabaki peke yake kwa siku kadhaa.

Watu wengi wakipata hela ya maandalizi hununua sola kwanza. Ushauri wetu ni kuanza na mfereji, halafu paa, kisha ndiyo taa. Familia hulala gizani siku tano ikaamka salama. Ukuta wa tofali mbichi ukilowa chini usiku mmoja tu, unaweza kuwaangukia watu wakiwa usingizini.

Mfereji wa juu ya nyumba

Kazi hii inahitaji jembe, sururu, beleshi na siku mbili za watu wawili. Ifanywe Oktoba, ardhi ikiwa kavu.

Piga hesabu ya maji kwanza. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Kama mteremko unaoelekea nyumbani kwako una urefu wa mita 50 na upana wa mita 40, mvua ya milimita 50 inamwaga hapo lita 100,000. Hata nusu ikizama, lita 50,000 zilizobaki zinakuja mlangoni.

Chimba mfereji upande wa mlimani, mita 5 au zaidi kutoka ukutani, upana sentimita 60 na kina sentimita 40. Udongo unaotoka uweke upande wa nyumba na uushindilie, uwe tuta. Ukiuweka upande wa juu, mvua ya kwanza itaurudisha wote ndani ya mfereji.

Sehemu inayoharibu kazi za wengi ni mwinamo. Mfereji ushuke sentimita 5 hadi 10 kwa kila mita 10, usizidi hapo. Ukiinama sana, maji hupata kasi, yanakula sakafu ya mfereji, na baada ya misimu miwili una korongo jipya mita tano kutoka chumbani. Ukiwa bapa, mchanga unatua, mfereji unajaa, na maji yanaruka tuta mahali pasipotarajiwa. Usipime kwa macho, maana mlimani macho hudanganya. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, wa mita 12 hivi, ujaze maji bila kuacha mapovu, ufunge kila ncha kwenye mti wenye alama za sentimita. Maji ya ncha zote mbili husimama usawa mmoja. Tofauti ya vipimo kutoka ardhini ndiyo mwinamo wako.

Mwisho wa mfereji usiumwage kwa jirani wala kwenye njia ya miguu. Peleka maji kwenye mwamba au sehemu yenye majani mazito, na hapo panga mawe makubwa kwa upana wa mita 2 ili yapunguze nguvu. Kwenye tuta panda mkonge au majani ya tembo. Wenyeji wa Kondoa wanajua vizuri gharama ya kuchelewa: mmomonyoko ulifika mahali ambapo mradi wa hifadhi ya ardhi, HADO, ulianzishwa mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye eneo lililoharibika.

Paa la tembe

Tembe, nyumba ya paa bapa la udongo juu ya boriti, ni nzuri kwa joto la jua na baridi ya usiku, na inastahili kutunzwa. Adui yake ni uzito. Udongo mkavu wenye unene wa sentimita 15 una kilo 225 hivi kwa mita moja ya mraba. Ukishiba maji unakaribia kilo 285. Kwa chumba cha mita 3 kwa 4, mvua imeongeza kama kilo 700 juu ya boriti zilezile, sawa na mifuko 14 ya saruji.

Tatizo hukua polepole kwa sababu ya mazoea ya kuongeza udongo kila mwaka panapovuja bila kuondoa wa zamani. Sentimita 5 kila msimu kwa miaka minne ni kilo 300 nyingine kwa kila mita ya mraba. Kwa hiyo kabla ya kuziba chochote, toboa vishimo vitatu vinne kwa panga na upime unene. Ukizidi sentimita 20, kwangua upunguze hadi 12 au 15. Anzia katikati ukielekea kingo zote mbili, usirundike udongo upande mmoja wa paa.

Kisha ingia ndani na tochi. Choma kila boriti kwa ncha ya kisu, hasa inapoingia ukutani, maana hapo ndipo mchwa na unyevu hukutana. Kisu kikizama zaidi ya sentimita moja kwa mkono mwepesi, boriti hiyo imekwisha. Inayopinda iwekee nguzo ya kipenyo cha sentimita 12 hadi 15, na chini ya nguzo weka jiwe bapa. Nguzo iliyosimama kwenye udongo mtupu huzama sakafu ikilowa, na msaada wake unaishia siku unapouhitaji.

Udongo wa kuziba nyufa: debe 3 za udongo wa kichuguu, debe 1 ya mchanga, debe 1 ya samadi ya ng'ombe au majani makavu yaliyokatwa. Loweka siku mbili, kanda kwa miguu, paka, kisha pondaponda kwa ubao unapoanza kukauka. Kichuguu kitupu hupasuka kikikauka. Mchanga na majani ndivyo vinavyokizuia. Paa lishuke sentimita 3 hadi 5 kwa kila mita kuelekea kwenye mlizamu, na mlizamu wenyewe, uwe wa bati lililokunjwa au gogo lililochimbwa, utokeze nje sentimita 50 ili maji yasilambe ukuta.

Mvua ikiwa inanyesha na paa linavuja, usipande kuongeza udongo. Unaongeza mzigo kwenye paa lililochoka, na mwili wako juu yake. Tandika turubai kutoka kwenye ngazi, ning'iniza mawe kwenye ncha zake yakae nje ya ukuta. Ukisikia boriti zinalia, udongo mkavu unachuruzika kutoka darini, au mlango uliokuwa unafunga vizuri umeanza kukwama, toeni watoto na wazee kwanza, wote mhamie kwa jirani. Vyombo vitafuata asubuhi.

Kwa nyumba ya bati kazi ni fupi. Pigilia misumari yenye raba kwenye mgongo wa wimbi, kamwe si bondeni, na ukaribishe misumari pembezoni maana upepo huanza kufunua huko. Bati la geji 28 ni zito kuliko la geji 30. Penye upepo mwingi, nyongeza ya bei inalipa. Safisha gata kabla ya mvua ya kwanza.

Umeme

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa viwango vitatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Ikitoka tahadhari kwa mkoa wako, nunua umeme wa LUKU na uingize tokeni siku hiyohiyo, kwa sababu mtandao wa simu ukilala huwezi kununua hata kama nguzo ziko wima. Minara ya simu nayo ina betri za muda tu. Chaji simu zote, peleka mahindi na mtama mashineni, jaza maji.

Umeme ukikatika, angalia kwanza kama yuniti zimeisha au swichi kuu imeanguka, kisha tazama kwa majirani. Kama ni kote, chomoa friji, televisheni na redio, uache taa moja imewashwa ikujulishe umeme ukirudi. Unaporudi, subiri dakika 10 kabla ya kuchomeka friji. Dakika za mwanzo umeme hupanda na kushuka, na hicho ndicho kinachounguza kompresa.

Friji isipofunguliwa hutunza ubaridi kwa saa 4 hivi. Friza iliyojaa huenda saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Nyama iliyokaa kwenye joto zaidi ya saa 2 usiionje kupima kama imeharibika, itupe.

Waya ulioanguka uhesabu una moto hata kama kijiji kizima kiko gizani. Kaa mita 10 mbali, zuia watoto na mifugo, toa taarifa TANESCO ukiwa na namba ya mita au ya nguzo. Ukihisi ganzi miguuni ukiwa karibu nao, unganisha nyayo na uondoke kwa hatua ndogondogo bila kutanua miguu. Ukuta uliolowa unaokupiga shoti ukiugusa ni sababu ya kuzima swichi kuu na kumwita fundi. Shoti ya namna hiyo haiishi kwa kukauka peke yake.

Sola inayotosha siku za mawingu

Kosa la kawaida ni kupima sola kwa siku za Agosti. Wakati wa mawingu mazito paneli inaweza kutoa chini ya robo ya kawaida yake, na hizo ndizo siku ambazo umeme wa gridi umekatika.

Hesabu ya kaya ndogo: taa 4 za LED za wati 5 kwa saa 5 ni wati-saa 100. Simu tatu ni kama 45. Redio ya wati 5 kwa saa 6 ni 30. Jumla 175, ongeza upotevu, weka 210 kwa siku. Betri ya asidi ya volti 12, ampea-saa (Ah) 100, ina wati-saa 1,200, lakini ukitumia zaidi ya nusu mara kwa mara unaiua mapema. Nusu ni 600, nayo ni karibu siku tatu bila jua kabisa. Betri ya lithiamu ya ukubwa huohuo hukubali kutumika hadi asilimia 80, siku nne na nusu hivi, ila bei yake iko juu. Paneli ya wati 100 inatosha kuijaza tena jua likirudi, ingawa ya 150 ni afadhali.

Elekeza paneli kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10 hadi 15 ili mvua ioshe vumbi. Kwenye kidhibiti chaji unganisha betri kwanza, paneli baadaye. Ukitenganisha, kinyume chake. Weka fyuzi ya ampea 20 karibu na ncha chanya ya betri. Betri ya asidi iliyopumzika ikisoma volti 12.2 imefika nusu. Zima redio, bakiza taa moja.

Jenereta ikae nje, mita 6 kutoka madirishani, wala si barazani. Usiiunganishe kwa kuchomeka waya kwenye soketi ya ukutani: umeme unarudi kwenye laini na unaweza kumuua fundi aliye juu ya nguzo. Tumia swichi ya kubadilishia iliyofungwa na fundi mwenye leseni.

Jiko la mkaa nalo usiliingize chumbani kupasha joto na kufunga mlango, hata likionekana limebaki majivu. Sumu yake haina harufu, na mtu huanza kwa kichwa kuuma na usingizi mzito.

Chakula, maji na njia

Unga wa watu 6 kwa siku 7 ni kilo 19 hivi, kwa gramu 450 kila mtu kwa siku. Unga wa uwele huchacha haraka, kwa hiyo saga wa wiki moja tu, na akiba ndefu zaidi iwe ya mahindi au mtama. Maharage au kunde kilo 4, mlenda mkavu, chumvi, mafuta, kuni kavu za siku tano chini ya upenu. Mama mjamzito aliyekaribia ashuke kukaa karibu na kituo cha afya wiki tatu kabla ya tarehe yake. Dawa za presha na kisukari zisipungue za wiki mbili.

Maji ya bati ya mvua ya kwanza yamwage, lita 1 kwa kila mita ya mraba ya paa. Ya baadaye yachuje kwa kitambaa na uyachemshe, au tumia kidonge cha kutibu maji kwa kipimo cha pakiti na usubiri dakika 30. Baada ya mafuriko hata kisima cha siku zote kitibiwe, maana vyoo hufurika.

Korongo huweza kushuka na maji wakati kwako jua linawaka, kwa sababu mvua imenyesha juu. Maji ya sentimita 30 yanaweza kusukuma gari dogo. Ya sentimita 60 hubeba magari mengi. Pikipiki isijaribu hata kwenye maji ya magotini, kwani mchanga wa chini umekwisha kuhama. Makorongo mengi ya huku hupungua ndani ya saa chache. Subiri.

Kwa walio chini ya miteremko mikali, tarehe 3 Desemba 2023 matope kutoka Mlima Hanang yaliingia Katesh na kuua makumi ya watu. Dalili za kuzingatia ni nyufa mpya ardhini juu ya nyumba, miti au nguzo zinazoinama, chemchemi inayogeuka tope au kukauka ghafla katikati ya mvua, na mngurumo usiofanana na radi. Ukiona mojawapo, ondokeni kwa kukata mteremko pembeni, mbali na bonde la maji, wala msikimbie kufuata linakoelekea. Njia hiyo ichagueni mchana, mwezi wa Novemba, na kila mtoto aipite kwa miguu yake angalau mara moja.