Ukiambiwa ugeuke kwenye kipimo cha utumbo mpana

Wale mlioandikiwa kolonoskopi, ile kamera ya utumbo mpana, kuna kitu watu wengi hawaambiwi siku wanapewa dawa ya kusafisha tumbo, nacho ni kwamba mle ndani mtageuzwageuzwa. Mimi ni nesi huku Mbeya, nasimama upande wa tumbo la mgonjwa, na nimeshaona watu wanakakamaa kama magogo ya Sao Hill wakidhani wakijitikisa tu kamera itawatoboa.

Unaanza na ubavu wa kushoto. Makalio yasogee mpaka ukingoni mwa kitanda, magoti yavute kuja kifuani kama mtu aliyejikunyata na baridi ya Julai kule Uyole, na kama nyonga zinasumbua omba mto katikati ya magoti, usione aibu. Ukilala hivyo mrija wenye kamera unaingia vizuri, na kama umechomwa dawa ya usingizi halafu ukatapika, matapishi yanatoka nje, si rahisi yaende kwenye mapafu.

Shida iko kwenye kona. Utumbo mpana una kama mita moja na nusu na haujanyooka, na ile sehemu ya chini kushoto, sigmoidi, haijashikiliwa vizuri, inachezacheza. Umeshawahi kusukuma mpira wa kumwagilia bustani? Unasukuma, mbele hauendi, unajipinda tu. Hicho ndo kinachouma, tumbo linavutika. Hapo dokta anarudisha mrija nyuma kidogo aunyooshe, mimi nabonyeza tumbo kwa kiganja, ikigoma tunakwambia ulale chali, na wenye vitambi wakati mwingine tunawalaza kifudifudi, kitanda chenyewe kinatusaidia kubonyeza.

Sasa kamera ikifika mwisho watu wanapumua wakidhani tumemaliza, kumbe ndo kwanza, maana kukagua kwenyewe kunafanyika wakati wa kutoka, tena bila haraka, angalau dakika 6. Chukua chupa ya maji iliyojaa nusu uilaze: maji chini, hewa juu. Utumbo ni hivyohivyo, penye hewa pametanuka panaonekana, penye maji machafu polipu, kile kinyama kinachoota ukutani mwa utumbo, inajificha humo humo. Kwahiyo ile sehemu inayoangaliwa inatakiwa iwe juu: utumbo wa upande wa kulia, unalala ubavu wa kushoto, wa katikati unalala chali, wa kushoto unalala ubavu wa kulia. Sio kila dokta anazungusha mgonjwa hivyo kila mara, ila ukisikia "geuka" ujue sababu ni hiyo.

Kugeuka kwenyewe: usikurupuke. Subiri nesi aseme ameshika mrija, kunja magoti, bega na nyonga vigeuke pamoja, usikae kitako. Kama dawa imekulevya tutakugeuza sisi, we legea tu, ukijaribu kusaidia ndo unatuchosha.

Na mambo ya mwili semeni mapema jamani. Kuna mzee alitoka Makambako, katikati ya kipimo namwambia, "Baba, tugeuke chali," kimya. Narudia. Ndo ananong'ona, "Mwanangu, hii nyonga ina vyuma, haikunji." Tukahangaika na mito mitatu pale. Vyuma tunataka kuvijua mapema pia kwasababu polipu ikikatwa kwa umeme kuna pedi inabandikwa kwenye ngozi, na haikai juu ya chuma. Mwenye betri ya moyo naye aseme kabla hata ya siku ya kipimo, mwenye bega bovu au mgongo vilevile.

Baadae tumbo litakuwa limejaa hewa kama ngoma. Lala ubavu, vuta magoti, geuka upande wa pili, jamba. Yule mzee alijibana nusu saa nzima kwasababu mkwe wake alikuwa amekaa pembeni, mpaka nikamtuma mkwe akanunue chai.