Jinsi ya kuomba nyaraka za ndege ya mabomu iliyopotea usiku, 1939–1945

Ukimtafuta askari wa Jeshi la Anga la Uingereza aliyeruka usiku na ndege ya mabomu asirudi, usimfuatilie yeye peke yake. Fuatilia ndege nzima. Lancaster, ndege kubwa ya mabomu ya Uingereza, ilibeba watu saba, yaani rubani, mhandisi, mwongoza njia, mlenga mabomu, mwendesha redio na wapiga bunduki wawili, na mara nyingi hawakutoka nchi moja. Ombi letu kuhusu mjomba wa mama mkwe wangu lilikaa miezi mingi bila jibu, na kilichotusaidia hatimaye ni faili la mwenzake.

Anzia kwenye tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, unakili namba ya utumishi, kikosi na tarehe ya kifo. Fomu ya maombi isiyo na namba ya utumishi huweza kurudishwa, kwani majina yanafanana sana. Wasio na kaburi wameandikwa kwenye mnara wa kumbukumbu wa Runnymede, Uingereza, ambao una majina zaidi ya 20,000. Palipotajwa kaburi la pamoja, maana yake mara nyingi ni kwamba miili haikuweza kutenganishwa, kwa hiyo waandae wazee kabla ya kuwasomea. Majina ya wenzake na namba ya ndege utayapata kwenye orodha ya International Bomber Command Centre, kituo cha kumbukumbu za askari wa ndege za mabomu kilichoko Lincoln, Uingereza.

Kinachopoteza muda zaidi ni tarehe. Shambulio la Nuremberg, mji wa Ujerumani, ambalo ndege 95 kati ya 795 hazikurudi, lilianza jioni ya 30 Machi 1944 na kuisha alfajiri ya tarehe 31. Kaburi laweza kuonyesha siku ya pili ilhali daftari la kikosi limepangwa kwa siku ya kuruka. Agiza kurasa za siku zote mbili. Madaftari hayo yamo katika fungu la AIR 27 la Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya Uingereza, iliyoko Kew, London, na unachotaka humo ni Fomu 541, yenye majina ya wote waliopanda ndege, saa ya kuruka na saa ya kutua. Kwa ndege iliyopotea, nafasi ya saa ya kutua huwa tupu, na pembeni huenda pamepigwa taipu sentensi moja tu, kwamba tangu iruke haikusikika tena.

Kumbukumbu za utumishi zimekuwa zikihamishwa tangu 2022 kutoka Wizara ya Ulinzi kwenda Kew, kwa hiyo hakikisha ziko wapi kabla ya kulipa, na uambatishe ukurasa wa Tume kuthibitisha kifo. Mafaili ya ajali, AIR 81, yanafunguliwa kidogo kidogo kwa kufuata tarehe, na huenda la ndege yako bado.

Usikae kungoja. Ikiwa mmoja wao alikuwa Mwaustralia, tafuta jina lake katika mfululizo A705, yaani mafaili ya askari wa anga waliokufa au kupotea, wa Hifadhi ya Taifa ya Australia. Ikiwa alikuwa Mkanada, Library and Archives Canada inatunza mafaili ya waliokufa vitani kati ya 1939 na 1947. Humo mna barua kwa wazazi na, ukibahatika, ripoti ya maafisa waliotumwa baada ya vita kufukua makaburi na kuwatambua waliozikwa. Ripoti hiyo huwataja wote waliokuwa ndani ya ndege, hata yule ambaye faili lake halijafunguliwa.