Kabla Barua ya Hataza Haijatua Lamu

Nahodha anayekwenda Pate hang'oi nanga kwa kutazama saa ya ukutani. Hutazama mwezi una siku ngapi, akajua maji ni bamvua (yanayojaa sana) au ni mafu (yanayojaa kidogo), ndipo akasema mlango wa maji wa Mkanda utapitika saa ngapi. Tuseme kijana wa Langoni ameigeuza hesabu hiyo kuwa programu ya simu, akaiweka kwenye intaneti pamoja na msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, kila mtu aitumie na kuirekebisha bure: ndiyo programu huria. Mwaka haujaisha, inamfikia barua pepe ya kampuni ya ng'ambo: programu yako inaingilia hataza yetu namba fulani, lipa au tukutane mahakamani. Atakachoweza kujibu siku hiyo kinategemea alichokiweka tayari.

Kwanza ajue anatishiwa kwa kitu gani. Hataza, ile wengi tunayoiita patenti, si hakimiliki. Hakimiliki hulinda msimbo kama ulivyoandikwa. Hataza hulinda namna ya kufanya jambo, kwa hiyo unaweza kuandika kila mstari kwa mkono wako, usinakili hata nukta, na bado ukadaiwa. Ila ina mipaka ya nchi na ya umri. Iliyotolewa Marekani haina nguvu Kenya. Ya hapa hutolewa na KIPI, taasisi ya hataza ya Kenya iliyoko Nairobi, au hupitia ARIPO ya Harare, shirika la hataza la nchi kadhaa za Afrika, kama Kenya imetajwa kwenye ombi. Umri wake ni miaka 20 tangu ombi kuwasilishwa, na mwenyewe asipolipa ada za kuidumisha hufa mapema. Basi andika leo, si siku ya barua: programu yako inatumika nchi zipi, na ni nani anayeifanyia biashara. Ikiwa watumiaji wako ni manahodha wa Amu na Faza tu, tishio la hataza ya Marekani ni kelele zaidi kuliko moto. Ukiwa na mteja Boston, mambo hubadilika.

Jambo la pili ndilo ninaloliona likipuuzwa zaidi: tarehe. Hataza hutolewa kwa kitu kipya. Ukionyesha kwamba jambo lile lilikuwa limekwisha kutangazwa kabla ya tarehe ya ombi lao, hataza yenyewe hutikisika. Hapa sisi watu wa pwani tuna udhaifu wetu. Elimu ya maji iko vichwani mwa wazee, na njia ya nafuu ya kuipinga hataza kwenye ofisi ya hataza ya Marekani baada ya kutolewa hukubali hataza za zamani na machapisho tu. Hesabu ya bamvua aliyoijua babu wa nahodha wako haiingii humo mpaka iwe imeandikwa na kuchapishwa. Kaa naye barazani, andika anavyohesabu, weka maelezo hayo hadharani pamoja na programu. Hayo tayari ni kinga dhidi ya yeyote atakayeomba hataza baada ya hapo.

Wala usitegemee tarehe za git, mfumo wa kuweka kumbukumbu za mabadiliko ya msimbo, peke yake. Tarehe ya kila badiliko hutoka kwenye kompyuta ya mwandishi, na saa ya kompyuta mtu huirudisha nyuma apendavyo. Toa matoleo yenye namba, kisha hakikisha kuna nakala kwa mtu wa tatu, kama hifadhi za mtandaoni za Internet Archive au Software Heritage, ambako tarehe haiko mikononi mwako.

Leseni, yaani masharti ya kutumia msimbo wako, nayo huchaguliwa mapema. Ile ya MIT ni fupi na tamu, lakini neno hataza halimo. Apache 2.0 ya mwaka 2004 na GPL toleo la 3 la mwaka 2007 zinasema wazi kwamba anayechangia msimbo anakuruhusu pia kutumia hataza zake zinazohusu mchango huo. Wengi huishia hapo wakadhani wamemaliza. Ruhusa hiyo hutoka kwa wachangiaji. Mgeni asiyechangia hata mstari mmoja haimfungi.

Kuna pia Open Invention Network, iliyoanza 2005, ambayo wanachama wake wamekubaliana kutoshambuliana kwa hataza kuhusu Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta. Kwa miaka mingi kujiunga kulikuwa bure. Microsoft, ambayo mwaka 2007 ilidai kwamba Linux na programu huria nyingine zinavunja hataza zake 235, ilijiunga mwaka 2018 na hataza zaidi ya 60,000. Programu ya kijana wetu yenyewe haimo kwenye mpango huo. Ulinzi unahusu vipande vya Linux anavyovitegemea chini yake.

Barua ikifika, usisome jina la hataza ukaingiwa na baridi. Majina hayo huwa mapana kama bahari. Kinachofunga ni madai yaliyopangwa kwa namba mwishoni, na programu yako huvunja dai ikiwa ina kila kipengele kilichotajwa ndani yake. Kikikosekana kimoja, kwa kawaida dai halikushiki. Ndiyo maana ni busara kuandika programu kwa vipande vinavyotenganika, ili sehemu moja ing'olewe bila kuvunja jahazi zima. Mgogoro wa hataza ya njia ya kubana data iliyotumika kwenye picha za GIF ulizaa PNG, aina nyingine ya faili za picha, kwa njia hiyohiyo: watu walitafuta njia nyingine.

Mwaka 2019 kampuni ya Rothschild Patent Imaging iliishtaki GNOME Foundation, taasisi ya programu huria, huko Marekani kwa sababu ya Shotwell, programu huria ya kupangia picha. GNOME ilikataa kulipa, ikachangisha umma, ikaikabili hataza yenyewe. Mei 2020 kesi iliisha bila GNOME kutoa senti kwa mdai, na mdai akaahidi kutotumia hataza zake dhidi ya programu yoyote yenye leseni inayotambuliwa na Open Source Initiative, shirika linaloidhinisha leseni za programu huria. Lakini angalia: GNOME ilikuwa taasisi, yenye akaunti na watu wa kuamua. Mradi wa vijana watatu na kikundi cha WhatsApp hauna hata mtu wa kupokea barua. Kubaliana sasa nani ataijibu, na wengine wote wanyamaze. Sentensi ya mzaha, "kwani si tuliona kwao," huweza kurudi kama ushahidi; Marekani anayevunja hataza kwa makusudi huweza kutozwa fidia hadi mara tatu. Usifute chochote pia.

Na tafuta wakala wa hataza kabla. KIPI ina orodha ya waliosajiliwa, na wengi wako Nairobi. Wito wa mahakama una siku zake za kujibu, na basi la kutoka Mokowe haliondoki kwa haraka zako.